Linux ya Asumpta na Sauti ya Leticia

Tangu wamzike Leticia kule Peramiho, Asumpta hakuwa amegusa kinanda. Majirani wa Mjimwema walidhani anajikaza. Hakuwa anajikaza, hakukuwa na cha kujikazia. Aliamka, akafagia, akapika, akala bila kujua anakula nini. Leticia alikuwa mdogo wake, na wimbo wao wa mwisho ulibaki nusu kwenye kompyuta, katika chumba walimokuwa wakirekodia kwaya.

Siku mzee Otto, mwenyekiti wa kwaya, alipokuja kuuomba wimbo huo, kompyuta ikagoma kuwaka. Asumpta akamwita mwalimu Aidan, mtu wa kuja kutoka Bukoba anayefundisha kompyuta sekondari.

"Mfumo umekufa, dada, ila mafaili yapo," Aidan alisema. "Nina mfumo mwingine, Linux moja ya watu wa muziki, kwenye flashi. Hata mimi sijaizoea. Tuijaribu?"

"Weka tu."

Ikawaka: kioo cheusi, programu zenye majina ambayo Asumpta hakuyajua. Alipobonyeza kinanda, kimya. Walihangaika mpaka Aidan akagundua kwamba humo lazima uchore mwenyewe waya kwenye kioo, kutoka kinanda hadi spika. Asumpta akauchora. Sauti ikatoka. Zamani angepiga vigelegele. Sasa aliitikia kwa kichwa.

Wimbo wenyewe ulikataa kufunguka, maana ulitengenezwa kwa programu nyingine. Zilizofunguka ni sauti mbichi, moja moja kama zilivyorekodiwa. Akabonyeza ya kwanza.

"Umeanza juu mno, wewe! Unataka nipasuke koo?" Leticia akacheka, akakohoa, akaanza kuimba, peke yake, bila kinanda nyuma yake.

Aidan akainamisha kichwa. "Pole, dada. Nizime?"

"Hapana." Asumpta alisubiri machozi. Hayakuja. "Kuna mvumo wa feni hapo nyuma. Humu unaondolewaje?"

Wakatafuta, wakapata. Wiki ile alipiga kinanda upya. Alikikata kile kicheko, kisha akakirudisha. Hakujua kwa nini.

Jumapili baada ya misa wanakwaya wakajazana chumbani kusikiliza. Mzee Otto alivua kofia. Mama Kunegunda, aliyesimama na Leticia kwenye sauti ya pili miaka yote, akaangua kilio, na wengine wakamfuata. Asumpta hakugeuka. Macho yake yalikuwa kwenye mistari ya kijani iliyopanda na kushuka kwenye kioo. Besi ilikuwa chini kidogo. Akaipandisha.