Chandarua cha Nyanya

Ni ndege gani anayeweza kumkaza mtoto shingo bila kumgusa? Nilimuuliza bibi mchana ule kwetu Machochwe, naye akasema, "Bhoke, acha maswali. Okota mawe, umfukuze juu ya bati. Na usinitobolee chandarua cha nyanya zangu pale uani."

Mdogo wangu Chacha alikuwa amelala kwenye ngozi ya ng'ombe, macho yamegeuka, meno yamekazana. Bibi alimfunika blanketi, akamfukizia kinyesi cha tembo kilichookotwa mpakani mwa hifadhi. Moshi wake ulinuka kama nyasi mbichi zinazoungua. Mama alitaka kumkimbiza zahanati.

"Ukamchome sindano akiwa na degedege?" bibi alimkatiza. "Utarudi na maiti."

Mama akakaa. Mimi nilirusha mawe, na kila bati lilipolia nilijua nimempata ndege. Jua lilipopungua, mama alianza kulia, nami nikaongeza mawe. Tulimzika Chacha kesho yake.

Juzi niliona kwa jirani chandarua kimefunika miche, nikageuza njia. Nilikuwa chuo kikuu nilipojifunza kwamba degedege la Chacha lilikuwa malaria iliyopanda kichwani. Sindano aliyoiogopa bibi ndiyo iliyokuwa dawa, na aliyeuleta ugonjwa alikuwa mbu. Chandarua tulichopewa zahanati, mama alipojifungua Chacha, kilikuwa palepale uani juu ya nyanya, na mchana mzima nilirusha mawe kwa uangalifu nisikitoboe.