Kukaa Kimya Itetemia

Hofu ilinikuta nikiwa mbele ya darasa la nne, nikifundisha kujumlisha sehemu. Nilipogeukia ubao moyo ulianza kwenda mbio bila sababu, vidole vikafa ganzi, nikaamini kabisa kwamba nakufa. Nikatoka nje, nikawaacha watoto. Ilipojirudia mara ya tatu, mwalimu mkuu alinipa likizo ya mwezi mmoja na nusu.

"Nenda upone, mwanangu," alisema. "Lakini darasa halikai bila mtu."

Nilimwelewa. Nisiporudi kwa wakati angetafutwa mwingine, na mimi sikuwahi kupenda kazi yoyote kama ile. Majirani zetu wa Itetemia niliwaambia naumwa tumbo. Tumbo halina aibu.

Mjini hospitali walinipima moyo, ukaonekana mzima, wakanielekeza kwa muuguzi wa afya ya akili. Alikuwa kijana wa Kisukuma, mrefu, ambaye kiti chake kilipiga kelele kila alipocheka. Alinipa vidonge nilivyoandikiwa na daktari, kisha akanipa na kazi.

"Kila asubuhi kaa chini dakika ishirini. Funga macho, hesabu pumzi mpaka kumi, halafu anza tena. Ukisahau umefika ngapi, rudi moja."

"Nikisahau kila mara?"

"Utarudi kila mara. Zoezi ndilo hilo, mwalimu. Anayeniambia hasahau, huyo ananidanganya."

"Na hofu ikija?"

"Iache ije. Wewe hesabu."

Nilirudi nyumbani kwa miguu, nikiifuata ile njia ya zamani ya misafara ambayo sasa ni ya baiskeli za mkaa. Nilikuwa na mashaka. Dawa niliyoijua mimi inamezwa, inapakwa, inachomwa. Hii ilikuwa ya kukaa tu.

Nyumba yetu ina vyumba viwili na redio moja ambayo mama haizimi, kwa hiyo nilitandika mkeka kibarazani. Siku tatu za kwanza mambo yalikwenda vizuri, kwa sababu mama alikuwa akifagia uwanja na kuwaitikia wapita njia wote kwa niaba yangu. Siku ya nne alisafiri kwenda Usoke kumsaidia mjomba kuchambua tumbaku. Nikakaa peke yangu, miguu nimeinyoosha, khanga kichwani kwa ajili ya ubaridi wa asubuhi, macho nimefumba.

"Umeamkaje, mwalimu?"

Nilisikia. Nilidhani kuitika ni kushindwa mtihani, nikaendelea kuhesabu. Sauti ikarudia salamu, ikarudia tena, ikaondoka. Kwetu mtu anaweza kukosa nauli, kukosa mboga, kukosa hata usingizi, lakini hakosi kuitika. Anayesamehewa ni mfiwa peke yake. Hilo nilikuwa nalijua tangu utoto, na bado halikunijia.

Baada ya muda mtu aliketi kando yangu, akinuka moshi wa kuni. Akaja mwingine. Nikasikia kitu kizito kikitupwa uwanjani. Nilirudi moja, nikarudi moja tena, na mtu mmoja akaanza kupenga kamasi taratibu. Nilipofungua macho walikuwapo wanawake saba, vitenge vimefungwa viunoni. Uwanjani palikuwa na mzigo wa kuni. Mke wa fundi cherehani alikuwa na sufuria kubwa ile ya shughuli. Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta, kiongozi wa akina mama kigangoni, alinishika mkono.

"Pole, mwanangu. Lia tu."

"Nilie nini, mama?"

"Si mama yako?"

"Mama yuko Usoke. Tumeongea jana jioni, analalamikia vumbi la tumbaku."

Wakatazamana.

"Nani alisema kuna msiba?" aliuliza mke wa fundi.

"Mimi nimeona unapita na sufuria," alisema aliyeleta kuni.

"Mimi nimebeba sufuria kwa kuwa nimekuona na kuni."

"Na mimi nimemsalimu huyu mtoto mara tatu, kimya," alisema jirani. "Ningefikiri nini?"

Walicheka mpaka mmoja akajilaza mkekani. Kisha jirani akanigeukia, hacheki tena. "Sasa ulikuwa unafanya nini?"

Neno tumbo lilikuwa tayari mdomoni. Nyuso saba zilinisubiri, na vidole vikaanza kufa ganzi. Nikafumba macho palepale mbele yao. Nilifika sita, nikapotea, nikaanza moja. Moyo haukutulia wote, ila ulipungua kiasi cha kuniachia sauti.

"Siumwi tumbo," nilisema. Nikawaeleza yote: ubao, kukimbia, muuguzi, vidonge, hesabu.

Mke wa fundi alikuwa akizungusha kifuniko cha sufuria. "Mimi nilipojifungua wa tatu nilikaa miezi siogi," alisema. "Wakaniita mvivu. Nikakubali kuwa ni uvivu."

Jirani alimpokea kile kifuniko, akakishika yeye. Aliyetuchekesha tena ni yule aliyejilaza. "Kwa hiyo dawa ni kukaa dakika ishirini bila kusemeshwa? Mimi na mume wangu yule, nitapatia wapi?"

Kuni zilikuwa zimeshafika, tukapika uji. Kabla ya kuondoka jirani alitoa hukumu: "Kukupita bila salamu hatuwezi. Itikia kwa kichwa."

Muuguzi alipenda hukumu hiyo. Aliniambia pia kwamba wapo wagonjwa ambao kufumba macho kunawaumiza zaidi, hao huwapa kutembea au kuzungumza. Siwezi kuwasemea. Mimi kukaa kulinifaa, pamoja na vidonge, na nasema hivyo bila kuona haya.

Nilirudi kazini likizo ikiwa imebaki siku mbili. Tulikuwa kwenye vipimo vya urefu, nimeshika ncha moja ya kamba na msichana mmoja ameshika nyingine, ndipo hofu ilipokuja. Nilisimama. Nilizisikia nyayo zangu ndani ya viatu, nikaanza kuhesabu. Darasa zima lilinitazama.

"Mwalimu, nivute?"

"Subiri kidogo."

Saba, nane.

"Haya, vuta."

Kamba ikanyooka. Darasa letu lina urefu wa mita sita na nusu.