Aliyeuitikia Mnara

Nilipokuwa mtoto sikuruhusiwa kuitika nikiitwa na mtu nisiyemwona. Kwetu, baina ya Kaole na Mlingotini, watoto wote tulifundishwa hivyo, lakini Bibi yangu, Bi Mwanamvua, aliyemzaa mama, alilishikilia jambo hilo kuliko watu wengine, na sababu yake ilikuwa minara.

Minara yenyewe ilikuwa minne, ya chuma tupu, kwenye mwinuko ulio juu ya mikoko. Ilijengwa na askari wakati wa vita. Ukubwani nilikuja kusoma kwamba ilikuwa mitambo ya rada, ya kutambua ndege na manowari kabla hazijaonekana kwa macho. Sisi tulichojua ni kwamba chini ya mnara wa kwanza palikuwa na kijumba cha zege, na humo askari walishinda wamevaa vitu masikioni wakisikiliza, na ole wake aliyesogea karibu. Vita vikaisha, askari wakaondoka, minara ikabaki. Bibi akawa anasema, "Chuma kile kimetusikiliza miaka yote ile. Kinatujua kwa majina, kinatujua kwa sauti." Alisema kwamba kilichohamia humo humwita mtu kwa sauti ya ampendaye. Ukiitika umejitoa mwenyewe, na mwaka hauishi hujazikwa.

Nilikuwa na miaka tisa walipokuja mafundi kuigeuza minara ile iwe stesheni ya kurushia matangazo ya redio. Jumbe alipita nyumba kwa nyumba kutuambia tusiogope: minara itasema, na sauti yake itasikika mpaka bara. Masikini, alidhani anatutoa hofu. Bibi alimsikiliza mpaka mwisho, akampa kahawa, akamshukuru. Alipokwisha kuondoka alitugeukia akasema, "Haya, mmesikia wenyewe."

Mjomba Shomari, ndugu yake mama, alipata kibarua huko cha kufyeka na kubeba masanduku. Jioni akirudi alikuwa akimtania Bibi. "Mama, leo nimeshinda chini ya mnara kutwa nzima, na sikusemeshwa na mtu ila mnyapara." Alituletea vipande vya waya wa shaba vilivyotupwa na mafundi akatusokotea vikuku. Changu kilitoka chembamba, cha binti wa jirani kikatoka kinene chenye mizunguko mitatu. Niliona nimeonewa kupita kiasi. Nasema haya kwa aibu, maana yote yaliyofuata yalianzia kwenye wivu wa kikuku.

Ijumaa moja hatukuwa na chuo cha Kurani. Mafundi walikuwa wamekwenda Dar es Salaam kufuata mashine, na Mjomba alikwisha kutuambia hawarudi mpaka wiki ile nyingine iishe. Nikaenda peke yangu. Mlango wa chuma wa kile kijumba ulikuwa umesahauliwa wazi, na ndani, pembeni ya masanduku, waya ulikuwa umejaa sakafuni. Nilichutama nikichagua mrefu. Upepo wa kusi ukausukuma mlango, na kwa nje nikasikia komeo likidondoka mahali pake.

Nilisukuma kwa bega, nikasukuma kwa mgongo, nikapiga teke mpaka vidole vikatoa damu. Mlango haukutikisika. Palikuwa na dirisha moja tu, juu, dogo, lenye nondo. Niliburuta sanduku nikapanda, nikaona njia ya shambani, na juu yangu miguu ya mnara ikipanda mpaka macho yakaniuma kwa kuitazama. Ndani joto lilikuwa linazidi na mate yalikuwa yamenikauka. Nikakumbuka kwamba mafundi hawarudi. Nataka nieleweke hapa: sikuogopa mashetani. Niliogopa kufa kwa kiu, na niliogopa kama mtu mzima anavyoogopa, kwa kuhesabu siku.

Baada ya swala ya Ijumaa alipita Mjomba Shomari, amevaa kanzu na kofia yake mpya. Nilifurahi nikakaribia kulia. "Mjomba Shomari," nikaita. Alisimama. Nikaita tena. Hakugeuza uso. Niliona mabega yake yakipanda ndani ya kanzu, kisha akaanza kwenda polepole, kama mtu asiye na haraka, halafu akaikusanya kanzu kwa mikono miwili akatimua mbio.

Hapo ndipo nilipotambua nimefungiwa wapi. Mlango wa chuma ungeweza kufunguliwa na mtu yeyote aliye nje. Lakini kila mtu wa kwetu aliyeweza kuufungua alikuwa amefundishwa, kama nilivyofundishwa mimi, kwamba sauti itokayo pale haiitikiwi.

Jua lilipozidi kupinda alikuja mama na tenga la muhogo kichwani. Nilimwita. Alitua tenga, akatazama juu kuelekea dirishani, na kwa kuwa ndani palikuwa na giza hakuona kitu. "Mama, ni mimi, Mwanaidi. Nimefungiwa." Midomo yake ikawa inacheza, anasoma dua. Nikaona nimthibitishie. Nikamwambia alivyonipaka mafuta asubuhi na kunikwaruza kwa pete. Nikamwambia mahali anapoificha sukari. Alirudi hatua moja nyuma. Basi nikasema jambo ambalo sikuwahi kulisema mbele ya mtu: kwamba huwa namsikia anavyomlilia marehemu mdogo wangu, akidhani tumelala sote. Mama alijiziba masikio kwa viganja, akapiga ukelele mmoja mfupi, akakimbia. Tenga lilibaki njiani.

Kila nililolisema kumwonyesha kwamba ni mimi ndilo lililomhakikishia kwamba si mimi. Nilishuka kwenye sanduku nikakaa sakafuni. Nililia mpaka sauti ikakwama. Nakumbuka kwamba nilishika miguu yangu nikaitazama, kwa sababu nilikuwa nimeanza kuwa na shaka hata mimi.

Yaliyotokea nyumbani nilisimuliwa na mama. Alifika akihema, akasema mnara umemwita kwa sauti ya mwanawe, na unajua mambo ya chumbani kwake. Bibi hakushangaa hata kidogo. Aliuliza swali moja tu: "Na Mwanaidi mwenyewe yuko wapi?" Wakanitafuta jikoni, kisimani, kwa majirani. Mama akaanza kulia akisema basi kimeshamchukua mtoto, sasa kinamtumia sauti. Bibi akatawadha, akajifunga kanga kiunoni, akatoka.

Niliwaona wakija, wakati wa alasiri. Kwenye mkorosho wa mwisho Bibi alisimama akamzuia mama kwa fimbo yake. Nilimsikia vizuri. "Wewe una wadogo wa kulea. Kaa hapa, na usifungue kinywa chako hata ukinionaje." Kisha akaja peke yake, akiburuta lile goti lake bovu.

Mimi kanuni niliijua sawasawa na yeye. Nilijua kwamba nikimwita naye akaitika, kwa imani yake amejiua. Nilijua hayo yote, na nilimwita.

"Bibi."

Alisimama chini ya mnara. Alishusha pumzi.

"Labeka," akasema.

Hilo ni neno ambalo mimi, mtoto wa kike, nilipaswa kumwitikia yeye nikiitwa. Sikupata kumsikia akimjibu mtoto hivyo. Nilimwita mara tatu, nadhani kwa kutoamini masikio yangu, na mara zote tatu aliitika. Halafu nikasikia jiwe likigonga komeo, na mlango ukafunguka.

Hakunikumbatia mara moja. Kwanza aliinama akatazama miguu yangu kama ni ya mtu au ina kwato. Alipoona ni nyayo, tena zina damu, alinivuta kwa nguvu mpaka meno yangu yakagonga mfupa wa kifua chake.

Sikupigwa. Kupigwa kungekuwa nafuu. Wiki ile ile Bibi alitoa sanda yake sandukuni akaianika juani, akaikunja upya. Alizunguka kwa majirani akiwaomba radhi mmoja mmoja. Kanga zake nzuri alizigawa. Minara ilianza kusema na watu wakajazana kwenye duka la Mhindi kuisikiliza redio, nami sikwenda, kwa sababu nilikuwa namlinda Bibi. Kila alfajiri, kabla sijafumbua macho, nilisubiri kumsikia akikohoa. Mwaka mzima niliishi hivyo, na nakiri kwamba kijumba cha zege kilikuwa chepesi kuliko mwaka ule.

Mwaka uliisha, Bibi yu hai. Nilipofika miaka kumi na mitatu nilipata ujasiri wa kumwuliza, siku moja tukichambua mchele.

"Bibi, siku ile ulijua kama ni mimi?"

"Sikujua."

"Uliamini kwamba utakufa?"

"Niliamini. Hata sasa naamini. Mungu kaniachilia tu."

"Basi mbona uliitika?"

Alipuliza makapi kwenye ungo. "Kwa sababu huenda ulikuwa wewe."

Mama alipofariki nilikuwa nimekwisha kumsamehe kitambo. Alikimbia kitu kilichomjua mno, na mimi ndiye niliyemtisha. Mjomba Shomari hakuitaja siku ile mpaka kufa kwake, ila hakumtania Bibi tena. Watu hunipongeza kwa kuwa sikushika imani za kale, nami siamini minara wala vilivyomo. Wanangu wakiniita kutoka popote naitika kabla sijafikiri, na hakuna ninachokihatarisha. Kwa hiyo sijui kama mimi ni jasiri, na siwezi kujua. Bibi yangu aliamini kila neno alilotufundisha, na aliitika mara tatu.