Avoka ya Koko

Kwa ninavyojua mimi, avoka ya koko, mti wake wa parachichi, ilikuwa imebaki moja tu. Nyingine zote zilikuwa kwenye shamba lake chini ya volkano, na lave ya moto ikazifunika. Leo pale ni makoro tu, mawe meusi yanayokata viatu. Hii moja koko, aliyemzaa mama, aliipanda kwetu, nyuma ya jiko, kabla hajafa. Ganda la tunda lake ni jembamba, tunalila pamoja na nyama yake. Majani ukiyafikicha yananuka utamu, kama peremende. Avoka zinazouzwa soko la Birere majani yake hayanuki hivyo.

Ndiyo maana mama hakumpenda yule mwanaume aliyekuja kuomba vijiti. Alijiita agronomu, mtaalamu wa kilimo. Anatafuta avoka za zamani kabla hazijaisha, akasema. Atafunga kijiti cha mti wetu juu ya shina la mche mwingine mpaka vishikane.

“Kwenu hakuna miti?”

“Mama, nilizunguka vijiji mpaka Kiwanja, sikuona muti kama hii.”

“Ah. Unatoka Kiwanja.”

Waasi walikuwa upande uleule. Mama akaniangalia. Mimi mgeni akija najificha nyuma ya pazia, lakini siku hiyo nilichungulia viatu vyake. Vya askari, nilikuwa na hakika.

Mama alimruhusu ili aondoke haraka. Akakata vijiti, akavifunga kwenye kitambaa kibichi, na kwenye tawi akaacha utepe mwekundu, eti akirudi ajue alikata wapi.

“Njo alama hiyo,” mama akasema alipotoka. “Wakiingia, watajua nyumba ya kuanza nayo.” Akaung’oa utepe, akautia motoni. Mimi pia niliamini hivyo. Nilikasirika tu kwamba mama alikuwa amemuita yule mwanaume “papa” kwa heshima.

Waasi wakaingia kweli. Kwetu hakuna aliyepiga hodi, lakini barabara zilifungwa na makala ya kupikia yakapotea sokoni. Papa wangu akachukua shoka, akaenda nyuma ya jiko. Mama hakumzuia, aligeuza uso tu. Maharagwe yetu yaliiva kwa kuni za avoka ya koko mpaka zikaisha.

Mvua ziliporudi, mwanaume naye akarudi, amebeba mche ndani ya sachet ya plastiki.

“Mama, huyu ni mutoto wa muti yenu.”

Mama hakumpa kiti. Aliinama, akachuma jani la karibu na udongo, akalifikicha, akanusa.

“Uongo! Hii ni ya soko. Yetu uliipeleka wapi, papa? Uliuzia nani?”

Mwanaume alikuwa anaangalia kisiki. Viatu vyake, nikaona sasa, vilikuwa vya mvua tu, vya kawaida.

Kwenye shina la mche kulikuwa na kovu, pale kijiti chetu kilipofungwa kwa plastiki. Jani alilochuma mama lilitoka chini ya kovu, kwenye shina la ule mche mwingine. Kusema mbele ya wageni siwezi. Nikachuma jani la juu ya kovu, nikalifikicha, nikamwekea mama puani.

Akanusa. Akanishika mkono usitoke, akanusa tena. Halafu akakaa palepale kwenye kisiki.

“Letea papa kiti,” akasema.

Mche aliupanda mwenyewe, pembeni ya kile kisiki. Mwanaume akatoa utepe mwingine mwekundu mfukoni.

“Apana, papa,” mama akasema. “Mahali sasa unapajua.”