Mrushaji Hasemeshwi

Siku niliyorusha mpira vizuri kuliko siku zote, wenzangu walinikimbia kama mwenye ukoma.

Nilikaa mwisho wa benchi peke yangu. Hata maji nilijichotea.

Sikushangaa. Kwetu Dominikana, mrushaji wa besiboli akifika mbali hajapigwa hata mpira mmoja, hasemeshwi. Ukimsemesha umemtia mkosi.

Na mimi, Leocadio, nilikuwa sijapigwa!

Miaka kumi na miwili nalipwa kurusha, leo timu hii kesho ile, na ukitaja jina langu hata San Pedro nilikozaliwa watu wanakuna vichwa. Siku hiyo uwanja mzima umesimama. We acha tu.

Ila moyo haukuwepo. Mama alikuwa hospitali, hali mbaya. Kila asubuhi nampigia, "Mama, nibariki," naye, "Mungu akubariki, mwanangu." Asubuhi ile hakupokea.

Simu nikamwachia mzee Chago, mtunza vifaa wetu.

"Mzee wangu, mama akipiga niite. Hata kama nimeshika mpira."

"Ondoa shaka. Mimi nipo."

Kila nikirudi benchi namtupia jicho. Anaangalia pembeni. Nikajua mama hajapiga, kalala zake. Nikazidi kurusha.

Awamu ya tisa, ya mwisho, amebaki mpigaji mmoja. Nikarusha. Jamaa akaupiga, paa! Ukapita katikati ya wenzangu wawili, ukaangukia majanini.

Basi. Kocha akanitoa. Watu wanapiga makofi, mimi natamani ardhi ipasuke.

Benchi nikamkuta Chago analia, simu kaikumbatia.

"Usilie, mzee wangu. Ni mpira tu."

"Si mpira, Leocadio. Mama yako alipiga, awamu ya sita. Alitaka akubariki."

"Ukamwambiaje?"

"Kwamba hujapigwa bado. Akacheka, akasema atasubiri." Akanirudishia simu. "Dada yako kapiga sasa hivi. Mama katutoka."

Nililia pale sakafuni kama mtoto.

Chago sikumgombeza. Mrushaji angekuwa mwingine, nami ningenyamaza vilevile.

Lakini jamani, maisha yangu yote niliomba nisipigwe! Leo natamani mpigaji mmoja tu wa awamu ya sita angeupata mpira wangu. Ningeitwa. Ningebarikiwa.

Mama wa mtu akipiga simu, mpeni mwenyewe aongee. Mikosi tutaijua baadaye.