Kufungua Shamba kwa Simu

Hiyo habari niliisoma kwa simu tukiwa kwa foleni ya posho mill. Ati watu wataenda Mars, safari ya karibu miaka tatu kwenda na kurudi, na wataalamu wanaona haya kusema mambo ya kitandani itakuwa aje huko. Mwili unaelea. Ukimgusa mwenzako anaenda zake, mpaka mfungwe pamoja na mkanda. Na hakuna siri, watu wa duniani wanafuata hadi mapigo ya moyo yenu.

Nikamsomea nyieka wangu, bibi ya ndugu mdogo wa bwana yangu.

"Yawa! Wafungwe kama mbuzi ya soko ya Oyugis?"

"Na mkanda, si kamba."

"Sawa. Na huku nyumbani nani atawafungulia shamba?"

Foleni yote ikacheka. Mimi sikucheka, alikuwa ananipiga mafumbo. Kwetu mvua ikianza haupandi tu. Wazee wa boma wanafungua, alafu nyumba ya kifungua mimba, alafu wadogo. Na kufungua ni bibi na bwana walale pamoja, ndio mbegu iingie kwa udongo. Ukiruka hiyo, chira, ile laana ya kuvunja mwiko, inashika watoto wa boma, wanakonda mpaka waishe.

Kifungua mimba ni bwana yangu. Yuko Qatar, analinda ghala usiku, mwaka wa tatu sasa. Alisema atakuja na mvua. Mvua ilikuwa na wiki mbili. Wazee walikuwa wamemaliza yao, na nyumba mbili za wadogo nyuma yangu zilikuwa zinaningoja na mbegu kwa gunia.

Mama mkwe ndiye alipata njia. "Nyathina, mtoto wangu, zamani tungeweka shati yake kwa kitanda. Lakini shati haiongei. Simu inaongea."

Sababu bwana yangu anafanya kazi usiku, ikabidi iwe saa nane mchana. Mama mkwe akafukuza watoto na kuku, akaketi na stuli nje ya mlango wangu, mgongo kwangu, akaanza kumenya njugu. Boma yote ilijua niko ndani nafanya nini.

Nilikuwa nimeoga, nimejipaka mafuta. Nikampigia bwana yangu video, nikaweka simu kwa mto wake.

"Ongea polepole," akasema, "tuko watu sita kwa hii chumba."

"Mama anataka tuwe pamoja."

"Sawa. Si tuko pamoja?" Kama mtu anajibu mkubwa wake wa kazi.

Nikamwambia ile ya mkanda, nikitaka acheke. Alitabasamu kidogo tu, macho mekundu.

"Miaka tatu si mingi," akasema. "Mimi nimeongeza mbili. Nilisaini juzi."

"Ulisaini bila kuniuliza?"

Picha ikayumba. Nilidhani ni netiwaki. Kumbe amelala. Simu imemwangukia kifuani, naona tu vyuma vya kitanda cha juu na soksi ya mwanaume mwingine inaning'inia. Nilimsikiza akikoroma mpaka bando ikaisha. Miaka mbili. Mimi niko na ishirini na tatu, na sina subira, hata mwalimu wa fizikia alikuwa ananiambia hivyo.

Nikatoka. Mama mkwe hakugeuka.

"Mlikuwa pamoja?"

Nikisema hapana, nyumba tatu zinakosa msimu. Nikisema ndiyo na chira iko, inaenda kwa mtoto wa nyieka wangu, sababu mimi sina wangu. Shuleni nilikuwa nacheka mambo ya chira. Hapo kwa mlango sikucheka.

"Ndiyo, Mama."

"Ero kamano, nyathina. Asante."

Asubuhi nilipiga jembe ya kwanza. Nyieka wangu akanifuata shambani na swali lake: "Haya, nyieka, ilikuwa aje?"

"Tulielea."

Alicheka mpaka mbegu zikamwagika kwa leso yake. Mchana huo akafungua shamba yake, ananishukuru.

Sasa mahindi imefika magoti, imemea vizuri kuliko mwaka jana. Bwana yangu hajawahi kuuliza ile siku iliisha aje. Lakini mtoto wa nyieka akikohoa tu, naacha kazi, naenda kumshika paji la uso. Naenda kila jioni. Mama yake ananiangalia kwa huruma. Anadhani natamani mtoto.

Hiyo pia ni kweli.