Kitunguu Saumu Kwenye Mita ya Bi Dobrinka

Kwa miaka thelathini na moja Bi Dobrinka Kuneva aliingia majumbani mwa watu wa Gabrovo, mji wetu wa Bulgaria, bila kualikwa, na hakuna aliyemfukuza. Kazi yake ilikuwa kusoma mita za umeme. Alitujua kwa umeme wetu kama daktari anavyomjua mgonjwa kwa mkojo. Mita ikienda mbio, alijua binti wa nyumba karudi kutoka chuoni na mzigo wa nguo chafu. Mita ikilala, alijua wenyewe wako kwa shangazi wanaota moto wa bure, na sisi watu wa Gabrovo hilo halitutii aibu hata kidogo. Palikuwa na bwana mmoja kule mtaa wa juu aliyemzimia taa mara tu alipomaliza kuandika, ati mlangoni atafika, si njia anaijua.

Na jambo moja aliloringia, tena akiringa kwelikweli, ni kwamba hakuwahi kuandika tarakimu asiyoiona kwa macho yake. Wenzake walikuwa wakikaa mkahawani na daftari, wananusa kahawa na kubuni. Yeye alipanda ngazi. Magoti yake ya leo ni shahidi.

Sasa alikuwa na miaka sabini na minne, amestaafu, anakaa ghorofa ya tatu karibu na mto Yantra, na kwenye droo ya jikoni alikuwa na ufunguo wa pembe tatu wa visanduku vya mita, ambao siku ya kuagwa alisahau kuurudisha. Alisahau kwa makusudi, kila mtu anajua.

Basi mwezi wa kumi wakaja mafundi wawili. Walizing'oa mita za zamani zenye kile kigurudumu kinachozunguka, wakafunga mpya. Hizi hazihitaji msomaji. Zinajisoma zenyewe na kutuma hesabu yao hewani. Bi Dobrinka aliwatazama kutoka mlangoni, mikono kifuani. Tuseme ukweli: ilimuuma. Mtu umepanda ngazi miaka thelathini na moja, halafu kinakuja kidude cha plastiki chenye kijitaa chekundu kinakonyeza, kinakwambia miguu yako haikuwa na kazi.

Lakini hilo angelimeza. Kilichomkalia kooni ni simu ya Jumatatu.

Mjukuu wake Ralitsa alikuwa amejifungua binti Jumamosi, na angetoka hospitali Alhamisi. Mume wa Ralitsa ni dereva wa malori, wakati huo alikuwa mahali fulani karibu na Hispania. Mama yake Ralitsa yuko Italia, analea wazee wa watu. Kwa hiyo tangu kiangazi walikubaliana kwamba mama na mtoto watakaa arobaini yao kwa Bi Dobrinka. Kitanda cha mtoto kilikuwa tayari, kile kile alicholalia mama yake Ralitsa, kimeegemea ukuta ule ule, kwa sababu upande wa pili kuna dirisha na upepo wake. Tangu Jumapili hita ilikuwa inawaka chumbani ili unyevu utoke, na tanuri la jikoni halikupoa, maana mzazi lazima ale.

"Bibi," Ralitsa akasema kwenye simu, "kitanda umekiweka wapi?"

"Pale pale alipolala mama yako."

"Ukutani? Na nyuma ya ukuta si ndiyo ngazi, na kile kisanduku cha mita mpya?"

"Mita zimekuwa nyuma ya huo ukuta tangu hujazaliwa, na mama yako akakua akawa mrefu kuliko mlango."

"Zile zilikuwa zinazunguka tu. Hizi zinaongea, Bibi. Zinarusha mawimbi mchana na usiku. Nimesoma."

"Umesoma wapi?"

"Kwenye simu."

"Na hiyo simu sasa hivi mwenzio mdogo kalala mbali nayo kiasi gani?"

"Iko kwenye mto," Ralitsa akasema. "Lakini usihamishe mada. Mama mkwe ameshanitayarishia chumba mjini Plovdiv. Kwao bado wana mita za zamani."

Hapo ndipo Bi Dobrinka alipovuta kiti akakaa. Mama mkwe wa Ralitsa ni mwanamke mwema, hana baya, ila ana tabia ya kumpakata mtoto na kusahau kumrudisha. Arobaini ikienda Plovdiv, imekwenda. Na kwa umri wake, Bi Dobrinka hakuwa na uhakika wa kupewa arobaini nyingine.

"Unataka nifanye nini?" akauliza.

"Wewe ndiye mtu wa mita. Niambie ni salama, nakuja. Ila uniambie kweli. Usiniambie kwa sababu unataka tuje."

Lo, mtoto huyo anajua pa kubonyeza. Kama angetaka kiapo cha kawaida, Bi Dobrinka angeapa hapo hapo, huku anakoroga supu. Lakini kutoa neno juu ya mita asiyoijua ilikuwa sawa na kuandika tarakimu akiwa mkahawani.

Akachukua ufunguo, akatoka kwenye ngazi, akafungua kisanduku. Ndani mlikuwa na mita mbili, yake na ya jirani yake wa mlango wa mkabala, Mzee Metodi, mwalimu wa jiografia aliyestaafu, mjane, mjuzi wa kila kitu kasoro kunyamaza. Zile za zamani zilikuwa na mngurumo, ukizitegea sikio unajua hali yake. Hizi zilikaa kimya tu, zinakonyeza.

"Unazichungulia nini?" Mzee Metodi akasema nyuma yake. "Zenyewe ndizo zinazokuchungulia."

"Wewe huogopi?"

"Mimi? Mimi ni mtu wa sayansi," akasema, akausukuma mlango wake uwe wazi. Ukutani, upande wa mita, alikuwa ametundika sinia kubwa la bati la kuokea. "Hilo ni pambo tu."

"Pambo lina mabaki ya keki."

"Basi ni pambo tamu. Wewe sema, mtoto anakuja au haji?"

Bi Dobrinka akamweleza. Mzee Metodi alitikisa kichwa, akasema Plovdiv kuna joto zaidi, mama mkwe ana bustani, halafu alipoona uso wa jirani yake akaona bora arudi ndani.

Jumanne Bi Dobrinka alifanya lile alilolijua. Akakata uzi mwekundu, akamenya vitunguu saumu, akafunga punje moja kwenye kitanda cha mtoto, nyingine mlangoni, nyingine dirishani, kama mama yake alivyofanya, na mama wa mama yake. Jicho baya halichagui pa kupitia. Na kwa kuwa mita nayo ilikuwa mpakani mwa kitanda, akafungua kisanduku akaitundikia na yenyewe, punje ikalala vizuri kwenye kifuniko cha chini, pale nyaya zinapoingilia.

"Makubwa haya," Mzee Metodi akasema. "Mjukuu anaogopa mawimbi, bibi anaogopa macho. Hakuna aliyekiona anachokiogopa."

"Na wewe mwenye sinia?"

Mzee Metodi akakohoa. "Umebakiwa na punje?"

"Ya nini, mtu wa sayansi?"

"Isiwe mita moja imevaa na nyingine iko uchi."

Akamtundikia na yake.

Jumatano asubuhi akaja Ognyan, fundi wa umeme, aliyeanza kazi Bi Dobrinka akikaribia kuaga. Sasa masharubu yake yana mvi. Alikuwa mmoja wa wale wawili waliofunga mita. Bi Dobrinka alimpigia simu akamwambia aje na kile chombo chao cha kupimia mawimbi, na asije na maneno matupu. Akaja navyo vyote viwili.

Alipoona vile vitunguu alicheka mpaka akashika ukuta. "Bi Dobrinka, hizi mita mnataka kuzila au kuzifukuza?"

"Pima."

Akapima kitandani, akapima kwenye mto, akapima ukutani. Mshale wa chombo ulijikuna tu na kulala. Kisha Mzee Metodi, aliyeingia bila kuitwa, akatoa simu yake mfukoni apige picha, na mshale ukaruka. Mzee Metodi akaiangalia ile simu kama mtu aliyegundua mbwa wake ndiye mwizi wa kuku.

"Umeona?" Ognyan akasema. "Mita inaongea mara chache tena kwa kunong'ona. Mwambie Ralitsa aje, alete mtoto, mimi nitaleta maua."

Hapo Bi Dobrinka angeweza kuachia. Alikuwa na neno la fundi, alikuwa na mshale aliouona kwa macho yake mwenyewe. Moyo wake ulishaanza kucheka. Lakini walipotoka kwenye ngazi kumsindikiza Ognyan, Bi Dobrinka akasimama, akanusa hewa.

"Nani anapika?"

"Wewe," Mzee Metodi akasema. "Tangu Jumapili. Tunateseka."

"Mimi nina supu ya kuku na banitsa, ile pai yetu ya jibini. Hii ni harufu ya kitunguu saumu kilichopikwa."

Akafungua kisanduku. Akakibonyeza kitunguu cha Mzee Metodi: kigumu, kibichi, kinawasha pua. Akakibonyeza chake. Kidole kikazama. Kilikuwa laini, rangi ya asali, kimeiva kabisa, na kinanukia kama jiko la sikukuu.

"Ognyan," akasema polepole, "kitunguu saumu hakijipiki."

Ognyan aliacha kucheka. Akaweka kiganja kwenye kile kifuniko, akakiondoa haraka. Akazima umeme, akakata lakiri, akafungua. Ndani, skrubu moja ilikuwa haijakazwa sawasawa, na ganda la waya wake limeshakuwa la kahawia. Hita na tanuri zimevuta umeme siku tatu mfululizo kupitia pale, na pale palikuwa panaunguza kidogo kidogo, nyuma ya kitanda cha mtoto.

Alikaza skrubu, akakata kipande kilichoungua, akapima, akapima tena. Kisha akafunga lakiri mpya.

"Hii ilikuwa kazi ya mkono wangu," akasema. "Siku ile tulikuwa na nyumba arobaini na mbili za kumaliza."

"Zilizobaki umezikaza?"

"Sijui, Bi Dobrinka."

"Basi unajua pa kwenda leo."

Akashuka ngazi, akiwa ameinamisha kichwa.

Sasa ndiyo ikawa kazi. Bi Dobrinka alikaa jikoni, simu mbele yake. Angeweza kusema: mawimbi yamepimwa, hakuna kitu, njoo. Na lisingekuwa uongo. Skrubu imekazwa, nani angejua? Na akimweleza mjukuu mwenye hofu kwamba mita ilikuwa inachoma waya kwenye kichwa cha kitanda, basi, jina la Plovdiv limeshaandikwa. Alimwona mama mkwe akimbeba yule mtoto bustanini. Machozi yalimlenga, akayafuta kwa kitambaa cha vyombo, akapiga simu.

Akasema yote. Mshale, kitunguu, skrubu, waya wa kahawia. "Mawimbi yako hayakuwa kitu," akamalizia. "Lakini mita haikuwa salama. Sasa ni salama. Nimeona kwa macho yangu. Ukitaka kwenda Plovdiv nitaelewa."

"Bibi," Ralitsa akasema, "tangu Jumamosi nauliza. Nesi kaniambia hakuna kitu. Mume wangu kaniambia hakuna kitu. Mama mkwe ndiyo hakuniacha nimalize swali. Wewe peke yako ndiye uliyekwenda kutazama."

"Ndiyo kazi niliyoijua."

"Kesho saa tano. Na hiyo banitsa usimpe Mzee Metodi yote."

Alhamisi wakaja. Ognyan alileta maua, na macho mekundu: alikuwa amekagua nyumba zote arobaini na mbili, na skrubu za mbili kati yake zilikuwa vile vile. Mzee Metodi alimwinamia mtoto, akatema mate ya uongo pembeni mara tatu kama inavyotakiwa, akatangaza kwamba hajawahi kuona kitoto kibaya namna ile, kina pua ya gavana. Bi Dobrinka akaongeza kwamba masikio ndiyo mabaya zaidi. Ralitsa alikuwa analia na kucheka, maana kwetu mtoto mzuri hasifiwi usoni, na huyu alitukanwa kuliko watoto wote wa mtaa.

Jioni, Bi Dobrinka akatundika punje mpya kwenye mita. Ralitsa alitazama kutoka mlangoni, mtoto kifuani. Kizingiti hakuruhusiwa kuvuka mpaka arobaini iishe.

"Hiyo ya jicho, Bibi, au ya skrubu?"

"Yote. Kitunguu hakibagui."

Siku zilizofuata ikawa desturi. Kila asubuhi, kabla ya chai, Mzee Metodi, ambaye aliliondoa sinia lake akaoka nalo keki ya kumpongeza mzazi, alitoka na kandambili, akafungua kisanduku kwa ufunguo wa pembe tatu aliokabidhiwa rasmi, akabonyeza, akanusa. Ndani, Ralitsa hakumnyonyesha mtoto kabla hajasikia ripoti. Na Bi Dobrinka, ambaye alidhani hakuna tena mtu atakayehitaji kusomewa mita, alisimama katikati ya mlango na daftari lake la zamani.

"Mbichi," Mzee Metodi alisema.

Naye akaandika.